Gari ya mazutu ikikosa nguvu, tuanzie kwenye tangi

Wamama wenzetu, juma hili tunaacha kidogo habari za chanjo na za shamba, tunazungumza juu ya mazutu: jinsi inavyotoka kwenye tangi la gari mpaka kufika kwenye injini, na yale yanayoizuia njiani. Wengine mtasema hiyo ni kazi ya shofere. Lakini vikundi vyetu vingi hapa Bunia vina gari leo, au vina fungu ndani ya gari, au vinaweka akiba ya AVEC kila juma ili kununua moja. Ni Hiace ya zamani inayobeba watu na samaki, ni Dyna au Canter inayobeba muhogo, maharage na makala. Mengi ya magari hayo yalitembea Japani miaka mingi kabla ya kuletwa Mombasa kwa meli na kuvuka Kenya na Uganda hadi kwetu. Ndiyo sababu usukani wake uko kuume, wakati sisi Wakongomani tunapita upande huohuo wa kuume wa barabara. Na mengi yanakunywa mazutu. Siku moja yao inapokosa nguvu, shofere halipi. Sanduku la kikundi ndilo linalolipa.

Garajini, neno la kwanza tunaloambiwa ni hili: "Pompi imekufa." Pompi ya mazutu ni piesi ya bei kali. Kununua iliyotumika, kuifunga na kuipima kunaweza kumaliza akiba ya mwaka mzima ya wamama ishirini. Kuna siku neno hilo ni kweli. Siku nyingi ugonjwa uko kabla ya pompi, ndani ya vitu vya bei ndogo: filtri iliyoziba, tiyo inayovuta hewa, kofia ya tangi isiyopitisha pumzi, maji yaliyolala chini ya tangi. Kikundi kinachoanza kwa pompi kinalipa feza nyingi, na baada ya siku chache gari inarudia ugonjwa wake, kwa sababu uchafu uleule unaingia ndani ya pompi mpya.

Kuna jambo zito kuliko feza. Barabara zetu tunazijua. Gari ikizimika mbele ya soko, ni hasara na kicheko cha watu. Gari ileile ikizimika kati ya Komanda na Bunia, au upande wa Djugu kwenye barabara ya Mahagi, jua likielekea kuzama na wamama wanane wameketi juu ya magunia, hayo ni mambo mengine. Tangu Mei 2021 jimbo letu limewekwa chini ya utawala wa kijeshi, na kuna vipande vya njia ambapo hakuna anayetaka kusimama hata dakika kumi. Hatuandiki haya ili kila mama awe fundi. Tunaandika ili mama anayeshika daftari la feza, na mama anayepanga safari, wajue la kuuliza kabla gari haijatoka mjini.

Njia ya mazutu

Injini ya esansi inawasha moto kwa bugi, yaani kwa cheche ya umeme. Injini ya mazutu haina cheche. Inabana hewa kwa nguvu mpaka hewa hiyo inapata moto kupita mafuta ya kukaangia mandazi, halafu mazutu inarushwa ndani yake kama ukungu mwembamba, na inawaka yenyewe. Mjerumani Rudolf Diesel ndiye aliyefaulu kuitembeza injini ya namna hiyo, mwaka 1897, na ndugu zetu wa Uganda na Kenya bado wanaita mafuta yake kwa jina lake, dizeli. Sisi tunasema mazutu. Ni kitu kimoja.

Ili mazutu iwe ukungu, lazima isukumwe kwa nguvu kubwa kupita katika tundu dogo sana la injekteri. Hata katika magari ya zamani, injekteri inafunguka tu mazutu inapobanwa kupita mara mia moja ya nguvu ya hewa tunayovuta. Vyuma vya ndani ya pompi vinakaribiana mno. Punje ya mchanga tusiyoiona kwa macho inavikwaruza. Tena pompi ya Hiace haina oili yake. Mazutu yenyewe ndiyo inayoilainisha. Maji hayawezi kazi hiyo, na petroli ya taa inaifanya vibaya.

Sasa tufuate njia. Ndani ya tangi kuna tiyo inayoshuka mpaka karibu na chini, na mara nyingi mdomo wake una chujio dogo. Kutoka hapo mazutu inapita chini ya gari katika tiyo za chuma na za mpira mpaka kwenye filtri. Juu ya filtri ya Hiace kuna kitu cha mviringo kinachobonyezwa kwa kiganja: ni pompi ya mkono. Chini ya filtri kuna kizibo cha kutolea maji. Baada ya filtri mazutu inaingia kwenye pompi kubwa, inatoka kwa tiyo nyembamba za chuma, moja kwa kila silinda, na kufika kwenye injekteri. Inayobaki inarudishwa kwenye tangi kwa tiyo nyingine. Tuikumbuke hiyo tiyo ya kurudi, tutaihitaji.

Katika magari ya namna ya Hiace, mazutu yote kati ya tangi na pompi inavutwa, kama mtoto anavyovuta juisi kwa mrija. Baada ya pompi inasukumwa. Anayeshika tofauti hiyo ameshika karibu nusu ya ufundi wote. Upande unaovutwa ukiwa na kitundu, mazutu haimwagiki nje. Hewa ndiyo inayoingia ndani. Shofere anainama, anaangalia chini ya gari, haoni hata tone moja, anatuapia kwamba hakuna kinachovuja. Upande unaosukumwa ukiwa na kitundu, mazutu inaruka nje na kila mtu anaiona na kuinusa.

Chupa ya kupimia

Mazutu ya Bunia ni msafiri. Sehemu kubwa inashushwa melini Mombasa, inavuka Kenya na Uganda, inaingia kwetu kupitia Mahagi au Aru. Njiani inahamishwa na kuhamishwa: kutoka gari kubwa kuingia tangi la stesheni, kutoka stesheni kuingia pipa, kutoka pipa kuingia bidoni ya kadafi kando ya barabara. Kila inapohamishwa inaweza kuokota kutu, mchanga au maji ya mvua. Hatuwatukani makadafi. Wengi ni watoto wetu, na siku stesheni zimekauka wao ndio wanaotuokoa. Lakini bidoni iliyobeba maji jana inabeba mazutu leo, na hakuna aliyeikausha.

Kipimo ni cha nyumbani. Tunachukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, safi na kavu, tunatia mazutu ya chini kabisa ya bidoni, tunaiacha itulie usiku mzima mahali ambapo watoto hawafiki. Mazutu ni nyepesi kuliko maji: lita moja ina uzito wa gramu karibu 840, na lita ya maji ni gramu 1,000. Asubuhi maji yatakuwa chini peke yake, kama mchuzi chini ya mafuta ya mawese. Mazutu nzuri inapitisha mwanga. Ukiweka gazeti nyuma ya chupa unaona maandishi. Ikiwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele, kuna maji yaliyochanganyika nayo. Na ukiona utando mweusi unaoteleza, pale maji yanapokutana na mazutu, hivyo ni vijidudu. Vinaota kwenye tangi au pipa lililokaa muda mrefu na maji ndani, na vinaziba filtri haraka kuliko mchanga.

Chupa haituonyeshi kila kitu. Petroli ya taa ikichanganywa na mazutu haitengani nayo hata ukingoja juma zima. Injini inaendelea kutembea, labda kwa sauti kali zaidi, na pompi inalika polepole kwa kukosa ulaini. Kwa hiyo mazutu inayouzwa kwa bei ya chini mno kuliko ya wengine wote itutie mashaka.

Upande wa gari, kizibo kile cha chini ya filtri kifunguliwe mara moja kwa juma, asubuhi, kabla injini haijawashwa. Weka kopo chini. Kama kuna maji, ndiyo yanatoka kwanza. Mazutu safi ikianza kutoka, funga. Hiace nyingi zina taa ndogo kwenye dashibodi inayowaka maji yakijaa ndani ya filtri. Kwenye gari iliyopita mikono minne au mitano, waya wa taa hiyo mara nyingi umekatwa zamani, hivyo tusiitegemee. Wakati wa mvua tufungue mara mbili kwa juma. Na jioni ni vizuri tangi lijazwe badala ya kulala karibu tupu, kwa sababu hewa iliyo ndani ya tangi tupu inaacha umande usiku, na umande ni maji. Kile kilichomo ndani ya kopo kisimwagwe Nyamukau, wala kwenye bustani ya lengalenga.

Gari iliyochoka kabla ya Bogoro

Kikundi kimoja kati ya vyetu kinanunua samaki Kasenyi na Tchomia kwa Hiace yenye injini ya 3L. Kwenda ni kuteremka. Kurudi, gari imejaa, ni kupanda: Ziwa Albert liko mita kama 620 juu ya bahari, na Bunia inapita mita 1,200. Kwenye ule mlima wa kabla ya Bogoro ndipo injini inapoomba mazutu nyingi kuliko mahali pengine pote pa njia. Hapo gari ilianza kuchoka. Inapanda vizuri dakika chache, halafu nguvu inakwisha, shofere anakanyaga mpaka chini na hakuna jibu, injini inazimika. Wanangojea robo saa. Inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea, inatembea kidogo, inachoka tena. Safari ya tatu samaki walifika sokoni macho yamelegea, wakauzwa kwa bei ya kutupa.

Garaji moja ikasema pompi, dola 400. Mama mtunza feza hakufungua sanduku. Kaka yake ana mashine ya kusaga muhogo inayotumia mazutu, na nyumbani kwao wamezoea magonjwa ya namna hiyo. Akamwendea fundi mwingine, akamwuliza:

"Papa fundi, gari ikizimika, ikipumzika inawaka tena?"

"Inawaka, Mama."

"Pompi iliyokufa inafufuka kwa kupumzika?"

Fundi akacheka. Tuseme ukweli, swali hilo peke yake halimalizi kesi. Pompi iliyolika inaweza kugoma ikipata moto na kurudi ikipoa. Lakini lilimfanya fundi aanzie mwanzo wa njia, na hicho ndicho mama alichotaka.

Wakafanya kipimo cha bidoni. Tunakieleza kwa urefu kwa sababu kinafaa kwa gari yoyote ya zamani ya mazutu, na kinahitaji tu bidoni na vipande viwili vya tiyo. Fundi alichukua bidoni ya lita tano, safi, yenye mazutu safi, akaifunga imara mbali na bomba la moshi na vyuma vya moto. Akachomoa tiyo inayoleta mazutu kwenye filtri kutoka tangini, akaweka mahali pake tiyo mpya inayotoka kwenye bidoni. Akaielekeza na ile tiyo ya kurudi kwenye bidoni hiyohiyo. Tangi na tiyo zote za chini ya gari zikawa nje ya hesabu. Akatoa hewa, akawasha, wakaipakia magunia ya mchanga na kuipandisha mlima mara tatu. Ikapanda mara tatu bila kukohoa.

Jibu lilikuwa wazi. Filtri, pompi na injekteri ni nzima; mgonjwa ni tangi au tiyo yake. Kama gari ingechoka hata kwa mazutu ya bidoni, wangebadilisha filtri na kujaribu tena, na hapo tu ndipo zamu ya pompi ingefika.

Waliposhusha tangi walikuta kutu, maji, na vipande vya sasheti ya plastiki. Kofia ya tangi ilikuwa imepotea miezi mingi, na mtu aliziba mdomo kwa sasheti na kitambaa. Sasheti ikachanika, vipande vikaanguka ndani. Injini ikivuta kwa nguvu mlimani, kipande kinanyonywa mpaka kwenye mdomo wa tiyo na kuuziba. Injini ikizimika, kipande kinaachiliwa na kurudi chini. Ndiyo ile robo saa. Tena walikuta kipande cha tiyo ya mpira kilichotoka kwenye bomba la kumwagilia maji; mazutu ilikuwa imekilainisha, na kikivutwa kinajikunja kama utumbo. Tiyo ya mazutu ina mpira wake, na wa maji haufai hata kwa siku moja. Kuosha tangi, tiyo mpya, filtri mpya na kofia, na malipo ya fundi, yote hayakufika sehemu ya tano ya bei ya ile pompi.

Kofia inastahili maneno mawili zaidi. Mazutu inapotoka tangini, lazima hewa iingie mahali pake. Mnajua bidoni ya mafuta ya kula ikitobolewa tundu moja tu: inakoroma, inatiririka kidogo, inasimama. Tangi ni vilevile. Kofia ya kweli, au kitiyo cha pumzi cha tangi, kinapitisha hewa. Kikiziba, gari inatembea dakika ishirini au zaidi kisha inakufa taratibu. Kipimo hakina bei: gari ikichoka, fungua kofia. Ukisikia hewa inaingia kwa kelele, na gari ikapata nguvu tena, umeupata ugonjwa.

Hewa ya asubuhi

Ugonjwa wa pili unaotuletewa sana ni gari inayokataa asubuhi. Batri ni nzima, demareri inazunguka vizuri, injini haishiki. Baada ya kusukumwa na vijana wote wa kartie inashika, inatetemeka, inatulia, na siku nzima inatembea bila neno. Kesho asubuhi ni vilevile.

Hapo kitundu kidogo kimeingiza hewa usiku, na mazutu imeteremka kurudi tangini. Kabla ya kuwasha, shofere abonyeze pompi ya mkono juu ya filtri. Ikiwa laini kwanza, halafu baada ya mibonyezo mingi inakuwa ngumu, na gari inawaka mara moja, ni hewa. Fundi anaweza kuweka kwa muda kipande cha tiyo inayoonyesha ndani kabla ya pompi, na povu litaonekana likipita. Aangalie vibano vya tiyo, mipasuko ya mpira, mpira wa mviringo wa filtri uliokaa vibaya siku ilipobadilishwa, na pompi ya mkono yenyewe, ambayo ikizeeka inapasuka.

Kutoa hewa ni kazi ya dakika chache. Skrubu ya hewa kwenye filtri au kwenye pompi inalegezwa kidogo, mtu anabonyeza pompi ya mkono, povu linatoka, halafu mazutu inatoka bila povu. Skrubu inafungwa wakati mazutu bado inatoka, na kubonyeza kunaendelea mpaka pawe pagumu. Anayezungusha demareri dakika nzima bila kutoa hewa anaua batri na demareri pamoja. Sekunde kumi na tano, kisha apumzishe.

Kama pompi ya mkono ni ngumu tangu mwanzo na gari bado inakataa, kuna sababu mbili ndogo za kutafuta kabla ya kubwa. Kwanza ni bugi za kupasha moto, zinazosaidia injini iliyolala baridi. Pili ni kizibo cha umeme kilicho juu ya pompi ya Hiace, kinachofungulia mazutu ufunguo ukiwashwa. Mtu mmoja awashe ufunguo bila kuzungusha injini, mwingine asikilize karibu na pompi: pasikike "tik". Kukiwa kimya, fundi aangalie waya kwanza. Tunajua gari iliyokokotwa kwa kamba mpaka garajini kwa sababu ya waya mmoja uliochomoka.

Juu ya moshi tuseme kwa kifupi. Mweusi mlimani: hewa ni kidogo, angalia filtri ya hewa iliyojaa vumbi la kiangazi kabla ya kushtaki injekteri. Mweupe wenye harufu ya mazutu: mazutu inaingia lakini haiwaki vizuri. Wa bluu: injini inakula oili, na hapo mazutu haina kosa.

Yasiyoguswa

Tiyo za chuma zinazotoka kwenye pompi zisikaribishwe mkono injini ikitembea. Mazutu inayoruka kutoka kwenye kitundu chembamba inapenya ngozi kama sindano. Alama ni ndogo, uchungu ni mdogo mwanzoni, na ndani nyama inaharibika. Aliyepenywa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata akisema si kitu. Magari mapya zaidi, kama Hiace za D-4D, yanabana mazutu kupita mara elfu moja ya nguvu ya hewa. Huko tusimruhusu fundi wa kando ya njia kulegeza kitu ili "kuona kama inafika", na kile kipimo cha bidoni tumwachie fundi anayezijua gari hizo.

Watoto wasitumwe kunyonya mazutu kwa mdomo ili kuihamisha kutoka bidoni. Ikiingia kwenye mapafu, hata kidogo, inaleta ugonjwa mkali wa kupumua. Mtoto aliyemeza mazutu, esansi au petroli asitapishwe, kwa maana wakati wa kutapika ndipo inapoingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja. Na ile chupa yetu ya kupimia iandikwe kwa herufi kubwa, isikae kamwe karibu na maji ya kunywa.

Kosa lingine tunalolijua ni kumimina esansi kwenye tangi la mazutu, hasa usiku kwa bidoni zinazofanana. Ikitokea, ufunguo usiguswe kabisa. Tangi litolewe lote kwanza. Ikiwashwa, esansi inapita ndani ya pompi bila kuilainisha, na wakati huo dola 400 zitatafutwa kweli.

Kuzungumza na fundi

Fundi mzuri hachukizwi na maswali. Tunamwuliza: "Umejaribu na bidoni? Umeona hewa? Filtri ya sasa ilibadilishwa lini? Utatuonyesha kilichotoka tangini?" Piesi ya zamani irudishwe mikononi mwa kikundi, hata kama haina kazi tena. Katika daftari la gari kuwe na ukurasa wa mazutu: tarehe, lita, mahali iliponunuliwa, kilomita, siku filtri ilipobadilishwa na siku maji yalipotolewa. Sisi tunahesabu filtri kwa kilomita 5,000, na mapema zaidi ikiwa chupa inatuonyesha uchafu. Filtri moja mpya na kle yake vikae ndani ya gari daima, kwa sababu njiani Komanda hakuna duka la piesi.

Vikundi vinavyotafuta gari sasa hivi viende kwa mwenye gari asubuhi na mapema, bila kumwarifu saa. Wekeni mkono juu ya injini: iwe baridi. Ikiwa ya moto, ameiwasha kabla yenu, na ana sababu yake. Angalieni inavyowaka mara ya kwanza, angalieni kofia ya tangi, inameni muone tiyo za mpira. Ombeni mazutu ya chini ya tangi ndani ya chupa, na rudini kesho kuiona. Mwisho ipakieni mzigo, ipandisheni mlima mrefu na tangi likiwa robo, kwa maana tangi lililojaa linaficha mengi. Muuzaji akikataa mlima, au akiapa kwamba kofia imepotea jana tu, mshukuruni kwa heshima na mrudi nyumbani na feza yenu.